Losartani, Ndizi na Dawa ya Mgongo: Somo Kutoka Kyela

Ukishaitwa "wa chuo kikuu", kijijini unageuka daktari, mwanasheria na fundi simu kwa mpigo mmoja. Hakuna anayeuliza unasoma nini. Mimi nasoma ualimu, kemia na baiolojia, lakini nilipopelekwa TP wilayani Kyela mwaka jana, swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote halikuwa la darasani. Lilikuwa hili: "Mwalimu, nimepewa hivi vidonge vya presha. Nile nini, nisile nini?"

Makomredi, swali hili mtaulizwa na nyinyi. Wazazi wetu wameingia kwenye umri wa presha, bibi na babu zetu waliingia zamani, na sisi ndio tunaotumwa dukani na ndio tunaosomeshwa karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa kwa sababu "wewe ndiye unayejua Kizungu". Nimekusanya hapa niliyoyasoma na niliyowauliza wafamasia, ili ukipigiwa simu usiku uwe na cha kusema. Dozi ya mtu haibadilishwi na mwanafunzi, hilo tuelewane mapema. Lakini kumsaidia mama aende hospitali akiwa na swali sahihi ni kazi ambayo hata mwaka wa kwanza anaiweza.

Dawa za presha ni nyingi na nikizieleza zote nitamaliza gazeti. Nashika moja, losartani. Ni ya kawaida sana, inatolewa peke yake au ikiwa imechanganywa na dawa ya kukojosha ndani ya kidonge kimoja, na ndiyo inayogombana na jiko la Kyela kuliko nyingine. Au tuseme, ndiyo inayosingiziwa kugombana nalo.

Kyela yenyewe ni bonde la joto na mvua nyingi, limekaa chini ya milima ya Livingstone likaishia kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Nchi nzima inaijua kwa mchele unaonukia, na wanunuzi wa nje wanaijua kwa kakao, ambayo wenyewe hawainywi. Ila ukimuuliza mzee wa Kinyakyusa chakula ni nini, hatakutajia mchele wala kakao. Atakutajia ndizi. Mbalaga ikikosekana mezani, mgeni hajakaribishwa.

Sasa ingia hapo na katazo hili ambalo limeenea kuanzia Ipinda mpaka Matema: anayetumia losartani asile ndizi. Bibi mmoja jirani yangu alinitolea boksi lake la dawa kwenye khanga na kuniambia, "Mjukuu wangu, wamenikataza ndizi. Sasa nile mawe?" Hakuwa anatania. Alikuwa ameacha dawa kwa wiki tatu ili aendelee kula. Kati ya ndizi na kidonge, alikuwa amechagua ndizi, na presha yake ikaachwa ifanye inavyotaka.

Kwa hiyo katazo si jambo dogo. Likiwa la kweli, linaokoa. Likiwa limetiwa chumvi, linamtoa mtu kwenye dawa, na presha isiyotibiwa ndiyo inayoleta kiharusi.

Dawa inafanya nini huko ndani

Tuanze na figo. Figo ikihisi kwamba damu inaifikia kwa nguvu ndogo, humwaga kwenye damu kitu kiitwacho renini. Kiligunduliwa Stockholm mwaka 1898 na Robert Tigerstedt pamoja na mwanafunzi wake Per Bergman, waliotumia maji ya figo za sungura na kuona kwamba yakidungwa kwa sungura mwingine presha inapanda. Mwanafunzi, angalieni. Renini huanzisha mnyororo ambao mwisho wake ni kemikali iitwayo anjiotensini II. Hii ina kazi mbili ambazo ukizishika umeshika somo zima.

Ya kwanza, inabana mishipa ya damu. Mpira wa kumwagilia ukiubana, maji yanaruka kwa nguvu. Hiyo ndiyo presha. Ya pili, inaiamuru tezi ndogo iliyokaa juu ya figo itoe homoni ya aldosteroni, na homoni hii inaiambia figo: shika sodiamu, tupa potasiamu. Sodiamu ni ile ya chumvi ya mezani. Ikibaki mwilini inabaki na maji, na maji yakizidi kwenye mishipa presha inapanda tena.

Losartani inaziba tundu la ufunguo. Anjiotensini II ipo, inazunguka, lakini ikifika mlangoni inakuta pamezibwa. Mishipa inalegea na presha inashuka. Aldosteroni nayo inapungua, na hapo ndipo penye habari ya ndizi: figo sasa haitupi potasiamu kwa kasi ile ya mwanzo.

Potasiamu kidogo ni lazima, moyo haupigi bila hiyo. Kwenye damu inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5.0 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikipita 6, moyo unaweza kupoteza mwendo wake, na ubaya ni kwamba mara nyingi mtu hasikii chochote mpaka mambo yameharibika. Wengine husikia misuli imekufa nguvu au moyo unaruka mapigo. Ndizi moja ya kuiva ya ukubwa wa kawaida ina kiasi cha miligramu 400 za potasiamu. Sahani ya mbalaga ina zaidi ya hapo, inaweza kupita elfu moja kirahisi. Mtu akipiga hesabu hii nusu tu, anafika kwenye katazo.

Nusu ya pili ya hesabu ni hii. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale potasiamu isiyopungua miligramu 3,510 kwa siku, na linasema hivyo kwa sababu potasiamu ya kwenye chakula inasaidia KUSHUSHA presha. Figo nzima ina uwezo mkubwa wa kuitoa ile iliyozidi, hata losartani ikiwepo. Kwa mtu mwenye figo nzima, anayetumia losartani peke yake, ndizi za mlo wa kawaida kwa kawaida si tatizo. Mwenye kutakiwa kuzipima ni yule ambaye figo zake zimeanza kuchoka, au mwenye kisukari cha muda mrefu ambacho kimezigusa figo, au anayetumia pamoja na losartani dawa nyingine inayobakiza potasiamu, kwa mfano spironolaktoni inayotolewa kwa watu wa moyo.

Na utajuaje figo za bibi zikoje? Si kwa kumtazama. Kuna kipimo cha damu, kreatinini na potasiamu, kinachotakiwa kufanyika kabla ya kuanza losartani na tena baada ya wiki moja au mbili. Hapo ndipo swali la ndizi linapojibiwa. Bibi yangu wa jirani hakuwahi kupimwa hata mara moja. Alipopimwa, majibu yalikuwa mazuri. Nilimsomea mwenyewe, akacheka, akasema "ndaga fijo", akaenda kumenya ndizi.

Kwa yule ambaye majibu yake si mazuri, bado kuna njia za jikoni. Potasiamu inayeyuka kwenye maji. Ndizi mbichi au magimbi yakikatwa vipande vidogo, yakachemshwa kwenye maji mengi na maji yakamwagwa, sehemu ya potasiamu inaondoka nayo. Mbalaga inayopikwa kwa maji machache mpaka yakauke haiondoi kitu. Hiyo ni kemia ya kidato cha kwanza na inafanya kazi.

Boksi linalotisha na chumvi isiyotisha

Nililetewa pia malalamiko ya aina nyingine. Mwalimu mwenzangu wa pale shuleni, mtu wa hesabu, alisoma juu ya boksi la baba yake: Losartan Potassium. Akapigwa na butwaa. "Yaani tunakatazwa ndizi halafu potasiamu yenyewe wameiweka ndani ya kidonge?"

Swali zuri, na jibu lake ni tarakimu. Kidonge cha miligramu 50 kina potasiamu ya miligramu 4.24. Ndizi moja ina 400. Ili upate potasiamu ya ndizi moja umeze vidonge zaidi ya tisini. Neno hilo kwenye boksi linaeleza tu aina ya chumvi ya kikemia ambayo dawa imetengenezwa nayo ili iyeyuke vizuri. Liacheni.

Kinachotakiwa kutisha hakitishi mtu. Bumu likitoka, mtoto wa watu anaingia supamaketi Dar au Mbeya mjini, anaona kopo limeandikwa chumvi ya wenye presha, anamnunulia mama yake zawadi. Chumvi hiyo imepunguzwa sodiamu na mahali pake pamewekwa kloraidi ya potasiamu. Kwa watu wengi ni kitu kizuri sana. Utafiti mkubwa uliofanyika vijijini China, matokeo yake yakatolewa mwaka 2021, uliwafuata watu 20,995 katika vijiji 600; waliopikia chumvi yenye robo ya kloraidi ya potasiamu walipata kiharusi pungufu kwa 14%. Lakini soma sharti: wenye ugonjwa mkubwa wa figo na wanaotumia dawa za kubakiza potasiamu hawakuingizwa. Kijiko cha chai cha chumvi ya namna hii kinaweza kubeba potasiamu ya ndizi kadhaa, na mpishi hajui kwa sababu haina sura ya ndizi. Mama anayetumia losartani na figo hazijapimwa, zawadi hiyo isubiri kipimo.

Kuna chumvi nyingine ya zamani zaidi. Ukivuka Songwe, Malawi wanapikia mboga kwa maji ya majivu yaliyochujwa, wanayaita chidulo, na hata huku kwetu wapo wanaochuja majivu ya maganda ya ndizi au ya mabua ili mboga ilainike. Majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi. Hata jina la kikemia limetoka huko: neno la Kiingereza lililozaa "potasiamu" lilikuwa na maana ya majivu ya chunguni, na Humphry Davy aliitenga madini hii mwaka 1807 kutoka kwenye magadi ya majivu. Nilipowaambia wanafunzi wangu kwamba vyungu vya Wakisi wanavyoviona gulioni vina undugu na jedwali la elementi, darasa liliamka. Magadi ya dukani ni habari tofauti, hayo ni sodiamu, na yanahesabiwa upande wa chumvi.

Na upande huo wa chumvi ndio ningeuwekea katazo, kama ningepewa kalamu. Mtu akila chumvi nyingi, mwili hauhitaji tena renini, mnyororo mzima unalala, na losartani inakuta hakuna cha kuzuia. Kidonge kinamezwa kila siku na presha haishuki, kisha lawama inakwenda kwa dawa. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu: mboga, ugali wa kiporo uliokaangwa, viungo vya pakiti, na samaki waliotiwa chumvi. Usipa waliokaushwa juani bila chumvi hawana shida. Tofauti utaijua kwa kulamba mmoja kabla ya kununua, wauzaji wa pwani ya ziwa wamezoea.

Dawa ya mgongo

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Si chakula.

Mavuno ya mpunga yalikuwa yanaishia. Kwa asiyejua kazi hii: unainama kukata, unabeba, unapura kwa kupiga, unapepeta, unafunga magunia na kuyabeba mpaka barabarani. Mzee mmoja wa pale nilipopanga, umri wake ni sitini na kitu, alikuwa akitumia kidonge chenye losartani na dawa ya kukojosha pamoja. Mgongo ukamkaza. Alinunua diklofenaki, akasikia nafuu, akaongeza. Wiki ya pili alikuwa anameza asubuhi na jioni kama chai. Kisha miguu ikavimba, mkojo ukawa kidogo na wa rangi nzito, na presha, ambayo ilikuwa imetulia tangu mwaka ulioanza, ikapanda. Nyumbani walisema amerogwa na mtu wa shamba la jirani kwa ajili ya mpaka. Hospitali walipopima damu, kreatinini ilikuwa imepanda kupita kiasi. Waliuliza anatumia dawa gani. Akataja ya presha. Ya mgongo hakuitaja, kwa sababu kwake yeye ile haikuwa dawa. Ilikuwa kitu cha dukani. Ni mkewe aliyekumbuka, siku ya pili.

Hebu tuchore figo kama jaruba la mpunga. Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, mamia kwa maelfu, na kila kimoja kina mfereji wa kuingiza damu na mfereji wa kuitoa. Kichujio kinafanya kazi kama maji yanayopenya kwenye udongo wa jaruba: lazima maji yawe na kina cha kutosha. Kina hicho kinategemea mambo matatu. Mfereji wa kuingiza uwe wazi, wa kutokea usiwe wazi mno, na mto wenyewe uwe na maji.

Losartani inapanua mfereji wa kutokea. Kwa kawaida hilo ni jema, linapunguza mkandamizo unaochosha vichujio, ndiyo maana wenye kisukari huipewa kulinda figo. Mfereji wa kuingiza unaachwa wazi na kemikali ziitwazo prostaglandini. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao wote wa kundi hilo wanaua maumivu kwa kuzuia prostaglandini hizo hizo. Kwa hiyo mgongo unapoa, na mfereji wa kuingiza unabanwa. Dawa ya kukojosha nayo imepunguza maji ya mto. Juu pamefungwa, chini pamefunguliwa, mto umepungua. Jaruba linakauka.

Hili si wazo la kinadharia tu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa 487,372 wa presha nchini Uingereza. Waliotumia dawa tatu kwa pamoja, yaani ya kundi hili la losartani au ndugu zake, ya kukojosha, na ya maumivu, hatari ya figo kugoma ghafla ilipanda kwa 31%, na katika siku 30 za mwanzo ilipanda kwa 82%. Siku za mwanzo ndizo mbaya. Msimu mmoja wa mavuno unatosha.

Hata kwa asiyetumia dawa ya kukojosha, vidonge hivi vya maumivu vinabakiza chumvi na maji, vinapandisha presha, na vinazidisha potasiamu. Ukiona presha ya mzazi imegoma kushuka wakati dawa anameza, uliza kuhusu mgongo na magoti kabla hujauliza kuhusu ndizi. Uliza kwa kutaja majina na rangi ya vidonge, maana ukisema "unatumia dawa nyingine?" utajibiwa hapana, na hatakuwa amedanganya. Za kupaka zinaingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana, hizo zina unafuu. Parasetamoli ya kawaida ndiyo inayopendekezwa mahali pake, kwa dozi iliyoandikwa na kwa siku chache, na isiwe ile ya kuyeyusha ikatoa mapovu, kwa sababu mapovu yale yanatokana na sodiamu.

Mzee alipona. Walimsimamishia vyote kwa siku kadhaa, wakampa maji, kisha wakamrudishia dawa ya presha taratibu. Habari ya mpaka wa shamba sijui iliishia wapi.

Mto unaweza kukauka kwa njia nyingine pia, na watu wa pembeni ya ziwa wanaijua: kuhara na kutapika. Mtu anayeharisha sana huku anameza losartani na dawa ya kukojosha yuko kwenye jaruba lile lile. Aende kituo cha afya mapema, na aulize waziwazi kama asimamishe vidonge vya presha mpaka atakapoanza kula na kunywa vizuri. Wengi huambiwa wasimamishe kwa muda. Swali hilo huwa haliulizwi kwa sababu tumefundishwa kwamba dawa ya presha haiachwi hata siku moja.

Nyingine kwa haraka

Losartani haina ugomvi na saa ya kula. Chakula kinaichelewesha kidogo tu, kwa hiyo anaweza kuimeza kabla au baada ya mlo mradi saa iwe ile ile. Kaptoprili ni tofauti: chakula kinapunguza kiasi kinachoingia mwilini, inataka saa moja kabla ya kula. Na dawa ya mseto ya malaria inataka kinyume chake kabisa, imezwe na chakula chenye mafuta. Kwa hiyo ile kanuni ya "dawa zote baada ya kula" tuizike.

Rifampisini, ya kifua kikuu, inalifanya ini lichome losartani haraka, na presha inaweza kupanda katikati ya matibabu ya TB. Flukonazo, inayonunuliwa kiholela kwa ajili ya fangasi, inazuia ini kuigeuza losartani kuwa ile hali yenye nguvu. Klinik ijue.

Rozela, ile chai nyekundu inayosifiwa kila kona, inashusha presha kweli, si uzushi. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 lilionyesha vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita vikishusha ile namba ya juu kwa kama 7. Ndiyo maana haifai kuongezwa kimyakimya juu ya vidonge kwa mtu ambaye tayari anasikia kizunguzungu akisimama. Pombe vilevile, iwe ya chupa au kimpumu: jioni inaongeza kizunguzungu, na ikiwa ya kila siku inapandisha presha yenyewe.

Balungi limeonewa. Hadithi yake ilianza Canada mwishoni mwa miaka ya 1980, pale David Bailey na wenzake walipotumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe kwenye jaribio la dawa ya felodipini, wakakuta dawa imejaa kwenye damu kupita walivyotarajia. Juisi ile inazima kimeng'enya cha kwenye ukuta wa utumbo kinachopunguza dawa. Anayetumia felodipini au nifedipini aliache balungi. Kwa amlodipini tofauti haikuonekana kuwa ya maana, na kwa losartani ni ndogo.

Kwa dada zetu hapa chuoni wenye presha, na wapo: losartani na ndugu zake zinamdhuru mtoto aliye tumboni. Ukipanga kupata ujauzito, au siku zikichelewa, nenda ubadilishiwe, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

La mwisho linahusu mpaka. Watu wa Kasumulu wana ndugu pande zote mbili za Songwe, na wapo wanaochukua dawa pande zote mbili, kila upande kwa jina lake. Mama anaweza kuwa na losartani ya huku na enalaprili ya kule, akidhani ni dawa mbili tofauti. Zote zinashika mnyororo ule ule. Utafiti uliotolewa mwaka 2008, wenye watu 25,620, ulijaribu kuziunganisha dawa za makundi haya mawili: faida haikuongezeka, matatizo ya figo yaliongezeka. Njia rahisi ya kuzitambua ni kusoma mkia wa jina lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Linaloishia na "-sartan" na linaloishia na "-pril" visikae kwenye mfuko mmoja bila daktari kujua. Mkia "-dipine" ni kundi jingine, na "-olol" jingine tena, na hayo mara nyingi huchanganywa na losartani kwa makusudi. Mkimwaga vidonge vyote mezani, pamoja na vile vya mgongo vilivyofichwa nyuma ya redio, kazi hiyo inachukua kama dakika tano.